Anayeiba peji yako anaanzia kwenye kompyuta ya nyumbani

Leo tunaacha mambo ya bei na picha za bidhaa. Somo ni ile kompyuta yako ya nyumbani, unayohariria picha, kuandikia orodha ya oda na kujibia wateja, halafu usiku watoto wanaangalizia muvi.

Mimi nauza viatu na mikoba hapa Nyamuswa, na pembeni nachapa barua na kutoa kopi. Shule niliishia sekondari. Haya mambo ya kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa kusoma na kwa kushika mashine za watu, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha ya dukani. Soma taratibu, ikibidi soma mara mbili, maana kuna sehemu wengi wanakosea mpangilio wa hatua na wanaumia mara ya pili.

Jambo la kwanza la kuelewa: programu za kijasusi za siku hizi hazina haja ya kuiharibu kompyuta yako. Zinataka funguo za biashara yako. Ukilishika hilo, mengine yote yatakaa sawa.

KINACHOIBWA NI NINI HASA

Tukisikia virusi tunafikiria kompyuta nzito, mafaili yamepotea na flashi imejaa shotikati. Hivyo vipo. Zipo pia programu zisizotakiwa: ukifungua intaneti inakuja kurasa usiyoijua, matangazo yanarukaruka, kivinjari kimeota vitufe ambavyo hukuviweka. Hizo ni kero, lakini angalau unaziona.

Ya kijasusi huioni. Inaingia, inakusanya vitu kwa dakika chache, inavituma kwa mwenyewe, na nyingine zikimaliza zinajifuta. Kompyuta inabaki nyepesi kama kawaida. Kwa hiyo ukisema "mashine yangu haina shida, mbona inakimbia," hujathibitisha chochote. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako.

Inachokusanya ni hiki:

Kwanza, nywila zote ulizokubali kivinjari kikuwekee. Ile meseji ya "nikuhifadhie pasiwedi?" ambayo tunabonyeza ndiyo bila kusoma.

Pili, kuki. Hizi ni vifaili vidogo ambavyo Facebook, Instagram au Gmail inaviweka kwenye kompyuta yako ili isikuulize nywila kila ukifungua. Fikiria ule muhuri wanaokugonga mkononi ukiingia kwenye shoo. Ukishagongwa, unatoka nje na kurudi, hakuna anayekuuliza tena tiketi. Sasa mwizi akinakili muhuri wako, anapita getini kama wewe. Haulizwi nywila, na haulizwi ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Ndiyo maana unamkuta mtu aliyewasha uthibitishaji wa hatua mbili na bado kaibiwa akaunti.

Tatu, kinachoandikwa na kinachoonekana. Nyingine zinarekodi kila herufi unayobonyeza, nyingine zinapiga picha kioo chako.

Katika vyote hivyo, kikubwa kabisa ni barua pepe. Facebook na Instagram zote ukisema umesahau nywila, zinaweza kutuma ufunguo mpya kwenye barua pepe. Aliyeshika barua pepe yako ameshika mkungu mzima wa funguo.

HII NI BIASHARA YA WATU

Usifikirie kijana mmoja kajifungia chumbani anakutafuta wewe. Programu moja ya namna hii, Lumma, ilikuwa inakodishwa kwa wahalifu kama mtu anavyokodi fremu sokoni. Mei 2025 Microsoft walitangaza kwamba kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei mwaka huo walibaini kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows duniani zilizoingiliwa na Lumma. Wakapata amri ya mahakama Marekani na kufunga anwani za mtandao karibu 2,300 ilizokuwa inatumia. Kabla ya hapo, Oktoba 2024, polisi wa Uholanzi kwa kushirikiana na wenzao wa nchi nyingine walikuwa wameibomoa mitambo ya nyingine iitwayo RedLine.

Nayasema haya ili uone kwamba hawakuchagui. Wanatupa nyavu kama wavuvi wa dagaa. Peji yako ya wafuasi 3,000 ikinaswa, inauzwa pamoja na nyingine.

Na ikishanaswa, hasara inakujaje? Nitoe mfano mmoja. Dada mmoja anayeuza vitenge Musoma, mteja wangu wa zamani, alishusha programu ya kuhariri picha, ile ya kuchakachua, ambayo halisi inalipiwa. Siku chache baadaye peji yake ikaanza kuposti ofa: vitenge nusu bei, lipia leo mzigo utumwe kesho. Namba ya malipo haikuwa yake. Wateja wanamwamini, wakalipa. Alibadilisha nywila mara tatu, na mara zote tatu jamaa alirudi ndani. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa anabadilishia nywila kwenye kompyuta ileile iliyoingiliwa. Ni sawa na kubadilisha kitasa huku mwizi amesimama nyuma yako anakutazama unavyojaribu ufunguo mpya.

Peji aliirudisha baadaye. Wateja waliolipa hawakurudi wote. Kwetu sisi tunaotuma mizigo kwa basi kwa mtu ambaye hajawahi kutuona, jina ndilo mtaji.

MILANGO WANAYOPITIA

1. Programu za kuchakachua. Huu ndio mlango mkubwa. Kompyuta nyingi za mkononi mwetu zinapigwa windo ya bure, halafu inawekwa programu ya kuifanya Windows ijione imelipiwa. Maarufu ni KMSPico. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi KMSPico za kughushi zilivyokuwa zinabeba mwizi wa nywila aitwaye Cryptbot. Angalia mtego ulivyo: maelekezo yake yanakwambia zima kwanza kinga ya kompyuta, ndipo usakinishe. Yaani mgeni anakuomba ufunge mbwa kabla hajaingia, na wewe unafunga. Programu yoyote inayokuambia uzime kinga, achana nayo hapohapo.

2. Vitufe vya uongo vya kupakua. Unatafuta programu ya bure, unafika kwenye tovuti yenye vitufe vitano vya kijani. Kimoja ndicho halali, vinne ni matangazo. Wakati mwingine hata kile halali kinakuja na wenzake: ukibonyeza "endelea, endelea" bila kusoma, umekubali programu tatu ambazo hukuziomba.

3. Faili la oda. Mtu anakuja inboksi, "nahitaji jozi 40, orodha na picha za mfano nimeweka humu," anakutumia faili lililobanwa. Ndani yake kuna kitu kinaitwa oda.pdf.exe. Windows kwa kawaida inaficha ule mkia wa mwisho, wewe unaona oda.pdf tu. Mteja wa kweli wa viatu anatuma picha za kawaida. Mwenye haraka, mwenye oda kubwa kupita kiasi, na anayesisitiza ufungue kwenye kompyuta na siyo simu, huyo mtilie shaka.

4. "Thibitisha kuwa wewe si roboti." Hii ni ya miaka ya karibuni. Ukurasa unakuambia bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Hapo umebandika na kuendesha amri yao kwa mkono wako mwenyewe. Hakuna tovuti halali inayothibitisha binadamu kwa njia hiyo. Ukikutana nayo, funga.

5. Flashi. Tangu Windows 7, flashi haijiendeshi yenyewe ukiichomeka. Ndiyo maana virusi vya flashi vinaficha mafaili yako na kuweka shotikati zenye majina yaleyale, ili wewe ndiye ubonyeze. Mimi nachapia watu, flashi zinaingia hapa kutwa nzima. Utaratibu wangu: nachomeka, sifungui, nabonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya flashi, nachagua kuikagua kwa Defender, ndipo nafungua. Inachukua muda mfupi. Mteja atasubiri.

6. Viendelezi vya kivinjari. Vile vya kushusha video au kutafuta bei. Baadhi vinaomba ruhusa ya kusoma kila kurasa unayofungua, na sisi tunakubali.

KINGA, BILA KUTUMIA HELA NYINGI

Kwanza, tumia kinga uliyonayo. Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender, ni ya bure na inatosha kwa mtu wa kawaida. Fungua Windows Security uhakikishe imewaka. Ukiwa humohumo ingia App & browser control, halafu Reputation-based protection, washa sehemu ya kuzuia programu zisizotakiwa. Usirundike antivirasi tatu, zinagombana na kuifanya kompyuta iwe nzito. Na usidhani kila cha bure hakina bei: Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuwa Avast, kampuni kubwa ya antivirasi, italipa dola milioni 16.5 kwa sababu ya kuuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji wake walikuwa wanazitembelea.

Pili, masasisho, yaani zile apdeti. Najua, zinakula bando. Wengi wetu tunazizima kabisa. Lakini sikia hii. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu fulani la Windows. Tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo na kufunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150. Dawa ilikuwepo, watu hawakuinywa. Ushauri wangu: hotspoti ya simu iweke kama muunganisho wa kupimwa ili kompyuta isivute bando ovyo mchana. Microsoft wanatoa masasisho makubwa Jumanne ya pili ya kila mwezi. Wiki hiyo nunua bando la usiku mara moja, bonyeza kusasisha, ulale. Gharama hiyo iandike kwenye daftari la matumizi kama unavyoandika nauli ya mzigo.

Kama bado uko Windows 7, msaada wake uliisha Januari 2020. Windows 10 msaada wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta kama hiyo, usiifungulie barua pepe ya biashara kabla hujaipatia ufumbuzi.

Tatu, tafuta mbadala halali wa vya kuchakachua. Badala ya Word na Excel za wizi, ipo LibreOffice, bure kabisa. Kufungua mafaili yaliyobanwa, 7-Zip. Kuhariri picha, GIMP, au Canva kwenye kivinjari. Chukua kutoka tovuti ya mwenyewe, siyo kwenye tovuti za kugawa programu. Na ukimpelekea fundi kompyuta, mwambie mapema: "Nataka windo halali, na usiniwekee programu ambazo sijazitaja." Kompyuta nyingi za mtumba zilikuja na leseni yake kiwandani, fundi mwelewa ataipata.

Nne, tenganisha akaunti za kompyuta. Yako ya kazi peke yake, na watoto au wadogo zako wafunguliwe akaunti ya mtumiaji wa kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha. Dogo akitaka gemu, aje akuombe. Hii ni bure na inazuia mengi.

Tano, onyesha mikia ya mafaili. Fungua sehemu ya mafaili, nenda View, washa File name extensions. Ukiona .exe, .scr, .js au .lnk kwenye kitu kinachodai ni picha au risiti, futa.

Sita, toa nywila za biashara kwenye kivinjari. Futa zilizohifadhiwa za barua pepe na peji, ziandike kwenye daftari linalokaa kabatini. Watu wanacheka daftari, lakini mwizi wa mtandaoni hafungui kabati la Nyamuswa. Ukimaliza kazi, toka kwenye akaunti, usifunge dirisha tu. Ukitoka, ule muhuri wa getini unafutwa.

Saba, usifungue akaunti zako kwenye kompyuta ya steshenari, hata yangu. Ukitaka kuchapa, mtumie mwenye duka faili kwa WhatsApp au barua pepe achape.

UKISHUKU UMEINGILIWA, FUATA MPANGILIO HUU

Hapa ndipo nilisema wengi wanakosea. Usikimbilie kubadilisha nywila kwenye mashine yenye ugonjwa.

Hatua ya 1. Tenga kompyuta. Zima waifai na hotspoti. Isiongee na mtu.

Hatua ya 2. Chukua kifaa kingine kisafi. Simu yako inafaa kama hukusakinisha humo programu za nje ya duka rasmi, la sivyo omba ya ndugu unayemwamini. Anza na barua pepe: badilisha nywila, halafu chagua kutoka kwenye vifaa vyote. Hilo la pili usilisahau, ndilo linaloua mihuri iliyonakiliwa. Angalia pia kama kuna namba ya simu au barua pepe ya kurejeshea akaunti ambayo siyo yako, na kama barua zako zinapelekwa kwa mtu mwingine.

Hatua ya 3. Fuata Facebook na Instagram kwa namna hiyohiyo. Kwenye peji kagua orodha ya wasimamizi, mwizi hupenda kujiongeza. Kwenye WhatsApp ingia vifaa vilivyounganishwa, ondoa usichokijua. Kama umeshafungiwa nje, nenda facebook.com/hacked au instagram.com/hacked ufuate maelekezo. Usimlipe "mtaalamu wa kurudisha akaunti" anayejileta inboksi, wengi ni matapeli wa awamu ya pili.

Hatua ya 4. Waambie wateja mapema. Weka tangazo kwenye stetasi ya WhatsApp na kwenye magrupu: "Peji imeingiliwa, msilipe namba yoyote zaidi ya hii niliyoitumia siku zote." Usione aibu. Kila saa unayonyamaza kuna mteja anatuma hela.

Hatua ya 5. Safisha kompyuta. Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua ule ukaguzi wa offline. Kompyuta itajizima na kuwaka, inakagua kabla Windows haijaamka, kama dakika 15. Ukitaka jicho la pili, Malwarebytes ya bure. Kama mwizi alishaingia kweli kwenye akaunti zako, ushauri wangu ni kupiga windo upya kabisa. Nakili picha na hati zako tu, programu za zamani ziache zife.

Hatua ya 6. Ripoti. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, huo ni utaratibu wa TCRA. Nenda kituo cha polisi ukiwa na picha za kioo, namba iliyotumika na tarehe, uchukue RB. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mteja aliyeibiwa hela atakuuliza ulichukua hatua gani, RB ndiyo jibu lako.

Na jambo hili tusilipuuze: kwenye kompyuta yako kuna majina, namba za simu na maeneo wanapoishi wateja. Tangu Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na tume yake ipo. Orodha ile ya oda ni ya wateja, wewe umeishikia. Ukimaliza kutuma mzigo na muda wa malalamiko ukapita, futa usichokihitaji. Kisichokuwepo hakiibiwi.

Kazi ya nyumbani ya leo ni mbili tu. Moja, fungua Windows Security uone kama kinga imewaka. Mbili, ingia kwenye barua pepe ya biashara, tazama orodha ya vifaa vilivyofunguliwa, toa usivyovijua. Kwa pamoja ni kama dakika kumi. Hayo mengine yapangie wiki hii, moja kila siku.

Biashara njema.